Mficha Uzima

Niliumia goti kwa ajili ya tangi la maji. Ningependa kusema niliumia kwenye fainali, nikipambana na mwanamke mwenye mabega kama mlango wa ghala, na kuna wateja wangu wawili watatu niliowasimulia hivyo. Lakini nusu ya mji wetu wa Bouaké ilikuwepo siku ile, na nusu hiyo husuka nywele kwangu, kwa hiyo uongo wangu haukufika mbali.

Mtaa wetu ulikuwa umepata tangi jipya, na mheshimiwa fulani akaja kulizindua. Mheshimiwa hawezi kufungua bomba hivihivi, maji yakatoka, watu wakarudi nyumbani kupika. Lazima ziwepo ngoma, watoto wa shule waimbe, na zisomwe hotuba nne za kutueleza kwamba maji ni uhai, kana kwamba sisi tuliokuwa tukibeba ndoo tulidhani ni urembo. Safari hii waliongeza na klabu yetu ya taekwondo. Mimi, Amenan Koffi, msusi, umri miaka thelathini na tatu, mkanda mweusi wa daraja la pili, nikapewa heshima ya kuruka na kuvunja kwa teke ubao ulioshikwa juu na wenzangu wawili.

Mtu mwenye akili angetandika magodoro ya mazoezi. Kamati ya mapokezi ilikuwa imekodi zulia jekundu na haikutaka liende bure, ikalitandika juu ya vigae. Niliruka vizuri. Ubao ukavunjika vizuri. Kutua ndiko kulikoniponza: mguu wa kulia ulikwenda na zulia, mwili ukakataa kwenda, na goti likabaki katikati kama mtoto wa wazazi wanaoachana.

Lilialika kwa sauti, kama kuni kavu inayovunjika. Nikaanguka chali. Umati ukapiga makofi, ukidhani na hiyo ni sehemu ya maonyesho, na bendi ikaongeza kasi. Nililala pale nikitazama mawingu mpaka kocha wetu, Mwalimu Gnahoré, alipoinama juu yangu na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Amenan, hii tuliifanyia mazoezi?"

"Hapana, Mwalimu."

"Ndivyo nilivyofikiri," akasema, akanibeba.

Kano moja ya goti ilikuwa imekatika na nyingine imechanika. Daktari aliyenipasua kule Abidjan alinipa miezi tisa ya kupona. Nikarudi Bouaké na magongo mawili, kwenye nyumba ninayoishi na mama yangu, ghorofa ya pili, ngazi ishirini na sita. Nilizijua kwa idadi kwa sababu mwezi wa kwanza nilizipanda kwa makalio.

Mama yangu, Philomène, ni mkunga mstaafu. Kwa miaka thelathini na mitano aliwaambia wanawake lini wasukume na lini watulie, na kustaafu hakukumbadilisha, kulimpunguzia wateja tu. Mimi nikawa mteja aliyebaki. Aliniamsha, akanilisha, akanikunja mguu na kuukunjua, na nilipolia alisema wapo waliolia zaidi na wakaondoka na mtoto mkononi.

Saluni nayo iligeuka hospitali ya rufaa. Sikujua kama mji huu una madaktari wengi kiasi hicho mpaka nilipokaa juu ya kigoda na mguu ulionyooshwa. Mmoja alisema nisile bamia kwa sababu zinalegeza viungo. Mwingine alisema nile bamia tu, kwa sababu zinalainisha viungo. Shangazi Delphine, mteja wangu wa kila Ijumaa, mwanamke mnene mwenye huruma isiyo na breki, aliniletea kopo la mafuta ya shea yaliyochanganywa na kitu alichokataa kukitaja. Nilijipaka siku tatu. Paka wa jirani akaanza kunifuata mpaka kazini.

Mtu pekee ambaye hakuwa na dawa ya maajabu alikuwa Bwana Yeo, mtaalamu wa viungo niliyemwendea mara mbili kwa wiki. Mtu mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Kazi yake ilikuwa kuniambia "tena", na kazi yangu ilikuwa kumchukia. Mwezi wa tisa akaniambia nisimame kwa mguu mmoja, ule wa kulia, niruke mara kumi. Nilijishika ukutani, nikaruka. Akanipima, akapima mguu wa pili, akarudia, kisha akakaa na kuandika.

"Goti lako ni zima," akasema. "Lina nguvu sawa na jenzake. Unaweza kurudi mazoezini, taratibu."

"Kwa hiyo nije lini tena?"

"Usije. Nimemaliza."

"Lakini bado nalisikia."

"Unalisikia vipi?"

Nikafikiri. "Nalisikia lipo."

Bwana Yeo akavua miwani, akaifuta na shati. "Dada Amenan, lililobaki si kazi yangu." Akanipa karatasi yenye mhuri.

Karatasi ile niliiweka kwenye droo ya saluni, chini ya mawigi. Kisha nikafunga mlango, nikachechemea kwenda nyumbani.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya mficha uzima, labda kwa sababu hawakuwahi kumwona mpumbavu wa aina hiyo. Basi mimi hapa. Kwa miezi mitano nilichechemea mbele za watu nikiwa na goti ambalo lingeweza kubeba gunia. Na kuchechemea, niwaambie, ni raha kubwa. Ukichechemea hakuna anayekuuliza utarudi lini. Wanakupisha kwenye foleni. Wanasema "pole, bingwa," na wewe unatabasamu kwa uchungu, unabaki bingwa bila kupigana na mtu yeyote. Kama kungekuwa na mashindano ya taifa ya kuchechemea, ningeiletea Bouaké medali.

Ukweli wenyewe haukuwa na raha. Jumapili moja mchana, saluni ikiwa imefungwa, nilisogeza viti, nikavua viatu, nikasimama mbele ya kioo kirefu. Nilitaka kuruka kidogo tu, teke moja, kama nilivyoruka maelfu ya mara tangu nikiwa na miaka kumi na mitano. Nikakunja magoti. Mwili ukakataa. Sikusikia maumivu yoyote; nyayo zilikuwa zimegandamana na sakafu kama zimepigwa gundi, na masikioni mwangu nikausikia ule mwaliko wa kuni kavu. Nilisimama pale nimekunja magoti, nikijitazama kwenye kioo kama mtu anayetafuta choo, mpaka jasho likanitoka. Kisha nikarudisha viti mahali pake, nikafagia sakafu ambayo haikuwa na uchafu.

Klabuni sikupita tena, hata kusalimia. Nafasi yangu kwenye timu ya mkoa alikuwa ameichukua Natogoma, msichana wa miaka ishirini na mmoja niliyemfundisha mwenyewe kufunga mkanda. Nilijiambia nimefurahi kwa ajili yake. Nilijiambia mara nyingi sana, kama unavyomwambia mtoto kwamba sindano haiumi.

Mambo yalibadilika Jumanne moja nilipopanda zile ngazi na kumkuta Mama sebuleni amevaa sare yangu ya taekwondo. Ile nyeupe, ya kola nyeusi, niliyoagiza kutoka Abidjan. Kiunoni alikuwa amefunga mkanda mweupe wa wanaoanza, kwa fundo lake la kufungia kitenge.

"Mama, hiyo ni sare yangu."

"Ilikuwa."

"Umeikata miguu."

"Nimeipunguza. Wewe una miguu ya baba yako, mirefu bila sababu."

"Mama, ningeihitaji."

"Lini?" akauliza.

Nikajishika goti. Mama akasema "pole" kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia kwa wanaume waliozimia kwenye chumba cha kujifungulia.

Kumbe Mwalimu Gnahoré alikuwa ameanzisha darasa la wanawake wazima, Jumanne na Alhamisi saa kumi alasiri. Daktari wa presha alikuwa amemwambia Mama atembee. Mama alitembea siku mbili, akasema kutembea bila kwenda mahali ni kazi ya wendawazimu, akaenda kujiandikisha kupigana. Umri wake miaka sitini na sita. Shangazi Delphine akamfuata, na wengine sita.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu haikuwa na amani. Mama alirudi na maarifa mapya kila wiki na kunifundisha, mimi niliyekuwa nayo kabla hajajua yapo.

"Leo tumejifunza kusimama," alisema jioni ya kwanza.

"Saa nzima?"

"Kusimama vizuri. Miaka sitini na sita nasimama vibaya, na mwenye mkanda mweusi yumo humu ndani, kimya."

Wiki ya tatu alinionyesha teke la mbele jikoni. Mguu ulipanda vizuri kuliko nilivyotegemea. Kiatu hakikuwa na sababu ya kubaki mguuni, kikaruka, kikaingia kwenye sufuria ya mchuzi wa karanga.

"Umeona mguu ulivyopanda?" akauliza.

"Nimeona kiatu kilivyoshuka."

"Wivu," akasema Mama, akakiopoa kwa mwiko. Tulikula foutou, ugali wetu wa ndizi na mihogo, na mchuzi ule, kwa sababu Mama hamwagi chakula, na sitaki kulizungumzia zaidi.

Lililoniuma lilikuwa jina la Natogoma. Msichana yule alikuwa akimsaidia Mwalimu na darasa la wazee, na Mama hakula mlo bila kumtaja. Natogoma ana subira. Natogoma ana heshima. Natogoma ana teke ambalo Mama hajawahi kuona mfano wake.

"Mama," nikamwambia, nimeshika kijiko, "umekuja kwenye mashindano yangu miaka kumi na mitano. Mateke yangu hukuyaona?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la kijinga. "Nilikuwa nakutazama uso, nijue kama umeumia. Saa ngapi ningetazama miguu?"

Nikaendelea kula. Nilikuwa nimetafuta dharau pale, sikuipata.

Mwezi wa tatu wa ujasiri wake ukafika mtihani wa mkanda wa njano. Kila mwanafunzi alitakiwa apige mateke kumi kwenye pedi iliyoshikwa na mwenzake. Mwenzake Mama alikuwa Shangazi Delphine, na Shangazi Delphine, siku moja kabla ya mtihani, akaitwa msibani Bocanda. Mama aliniletea habari hiyo nikiwa nakaanga ndizi.

"Nahitaji mtu wa kushika pedi kesho."

"Mwombe mwanafunzi mwingine."

"Tumebaki saba. Sita wanashikiana. Wa saba ni mimi."

"Natogoma je?"

"Yuko Korhogo na timu."

"Basi Mwalimu."

"Mwalimu ndiye anayesahihisha. Unataka ashike kalamu kwa meno?"

"Mama, goti langu."

Mama akanyoosha mkono, akazima jiko. Ndizi zikaendelea kuchemka kidogo kwenye mafuta, kisha zikanyamaza.

"Ile siku ya mvua kubwa," akasema, "kijana aliyeleta viazi vikuu aliacha gunia chini, akakimbia. Nilikuwa dirishani. Ulilibeba begani ukapanda nalo ngazi zote, mbili mbili, ili lisilowane. Ulipofika mlangoni ukalitua, ukajifuta, ndipo ukaanza kuchechemea. Mguu wa kushoto, Amenan. Ulikuwa umechoka, ukasahau ni upi."

Nilitafuta mahali pa kuweka macho. Nikayaweka kwenye ndizi.

"Ile ilikuwa miezi minne iliyopita," nikasema.

"Minne na nusu."

"Na hukusema kitu."

"Nimezalisha wanawake wengi kuliko nywele ulizosuka. Wapo wanaofika njia ikiwa imefunguka, kila kitu tayari, na wanabana mapaja wanasema bado, bado, Mama, si sasa. Hao huwagombezi. Ukimgombeza anabana zaidi. Mimi nilikuwa natoka, nakwenda kunywa kahawa, narudi." Akachukua sahani. "Lakini kwako wewe nimekunywa kahawa hadi presha imepanda. Kesho saa kumi. Pedi hushikwa kwa mikono."

Nilikwenda. Nilijiambia nakwenda kushika pedi tu, nikavaa jinzi ili mtu yeyote asidhani vinginevyo.

Ukumbi wa vijana ulikuwa uleule, na harufu yake ileile ya jasho na magodoro ya mpira, harufu ambayo mtu mwenye akili timamu hawezi kuikumbuka kwa hamu. Niliikumbuka kwa hamu. Nilipoingia, mguu wangu ukaanza kuchechemea wenyewe, kwa mazoea, na Mama akaniambia bila kugeuka, "Acha hivyo, unanitia aibu."

Mwalimu Gnahoré alikuwa mezani na daftari lake. Akanitazama juu hadi chini.

"Amenan. Nilisikia umehamia Ulaya."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Viatu nje."

Wale wanawake walipiga mateke yao jozi kwa jozi. Walipiga kama watu wanaofukuza kuku jikoni, kwa juhudi zote na mwelekeo mchache, na kila teke likishangiliwa na wenzao. Ikafika zamu yetu. Nilishika pedi usawa wa kiuno, nikapanga miguu. Mama akasimama vizuri, kweli alisimama vizuri, akavuta pumzi. Moja ikapiga pedi. Mbili. Tatu. Hadi la sita nilikuwa nimeanza kujisikia fahari, jambo ambalo sikulipanga.

La saba lilikuwa la kuzungusha. Mama akazungusha kiuno, mguu ukatoka, ukapita chini ya pedi kabisa, na kisigino chake kikanipiga upande wa ndani wa goti la kulia.

Kila mtu pale alilijua goti lile. Lilikuwa na historia ndefu kuliko mimi. Nilisikia maumivu makali, nikayumba, pedi ikaanguka. Nikangoja. Nilingoja ule mwaliko wa kuni kavu, nikangoja mguu ukatike uende zake, nikangoja miezi kumi na minne ianze upya. Hakuna kilichokuja. Ilikuwa inauma kama goti lolote lililopigwa kisigino na mwanamke wa kilo themanini. Nilikuwa bado nimesimama.

Mama alikuwa amepiga magoti mbele yangu, vidole vyake vikibonyeza pande zote za goti, haraka, kikazi. Alipoinua uso, nilimwona kwa mara ya kwanza bila jibu mdomoni. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Inauma wapi?"

"Hapohapo ulipopiga."

"Ndani je? Ndani, Amenan, usinidanganye."

"Ndani hakuna kitu, Mama. Ni zima."

Nilipolisema ndipo nilipolisikia. Nilikuwa sijawahi kulitamka. Mama akabaki amepiga magoti kidogo, mkono juu ya goti langu. Kisha akainuka kwa kunishika kiuno, akajipangusa vumbi, akamgeukia Mwalimu Gnahoré.

"Hilo linahesabiwa?"

"Hapana, Mama. Mtihani unasema pedi."

"Lakini lilikuwa na nguvu."

"Sana. Lilikuwa na kila kitu isipokuwa pedi." Akaandika kwenye daftari. "Rudia baada ya wiki sita."

Sita kati ya wale saba walifaulu. Mama alirudi nyumbani amenuna, akisema nilishika pedi juu mno, na kwamba mtu mwenye mkanda mweusi angelijua teke linakotoka. Usiku ule goti lilivimba kidogo. Asubuhi lilikuwa limepungua. Mchana nilikuwa nimelisahau, kwa sababu kulikuwa na bibi harusi wa kusuka.

Sasa watu hupenda kusema kwamba kuna dakika ambapo hamu inarudi, taa inawaka ndani yako, unakimbilia ukumbini huku ukilia. Kwangu haikuwaka taa yoyote. Alhamisi iliyofuata nilikwenda kwa sababu Mama alidai nimemfelisha, na kwa hiyo ni juu yangu kumwandaa. Nilisimama mstari wa nyuma, katikati ya wanawake wa miaka sitini, nikafanya walichofanya. Darasa la wakubwa, la wanaoshindana, nisingethubutu. Pale nyuma hakuna aliyetegemea kitu kutoka kwangu. Teke langu lilifika kiunoni na kuomba kushushwa. Mwanamke wa pembeni yangu, muuza samaki, alinishika bega akasema, "Usijali, binti, mimi nami nilianza hivyohivyo." Yeye alikuwa ameanza miezi mitatu iliyopita.

Nilichoshwa wiki ya kwanza. Wiki ya pili nilichoshwa na kuumwa mapaja. Wiki ya tatu, Jumatano, nikiwa namwosha mteja nywele, nilikumbuka ghafla kwamba mguu wangu wa nyuma ulikuwa haugeuki ninapopiga. Unabaki umelala, kama wa mtu anayeanza. Nikakasirika. Ilikuwa hasira safi kabisa, ya kufaa, na nilimsugua yule mama kichwa mpaka akauliza kama kuna chawa. Alipoondoka, nikaenda nyuma ya vikausha nywele, nikageuza mguu ule mara hamsini. Kesho yake mara mia. Sijui kama hiyo ndiyo inayoitwa hamu. Kama ndiyo, basi inafanana sana na kuudhika.

Kuruka kulichukua muda zaidi. Mwalimu Gnahoré hakuniambia neno lolote, lakini Alhamisi moja aliwapanga wale wazee waruke kamba iliyolazwa chini. Si kamba ya kuzungushwa; kamba iliyolala sakafuni, yenye unene wa kidole. Mmoja mmoja wakairuka, wengine wakishikana mikono, wakicheka. Nilikuwa wa mwisho. Nilikunja magoti na gundi ileile ikanishika nyayo. Walikuwa wameshageuka kunywa maji, hakuna aliyekuwa akinitazama, na nadhani hiyo ndiyo iliyonisaidia. Nikaiita ile hasira ya mguu wa nyuma. Nikaruka kamba. Nikatua kwa miguu miwili, ng'ambo ya pili, baada ya kuinuka urefu wa kidole kimoja kutoka ardhini. Mkanda mweusi, daraja la pili. Nikarudi upande wa kwanza, nikairuka tena, na tena, mpaka Mwalimu akasema kutoka mezani, bila kuinua kichwa, "Amenan, kamba imeshakufa, iache."

Mama alifaulu mtihani wa pili. Mateke kumi, yote kwenye pedi, mshikaji nikiwa mimi, nimesimama mbali kidogo kuliko kanuni zinavyotaka. Shangazi Delphine alitengeneza acheke, mihogo iliyokunwa na kupikwa kwa mvuke, na samaki wa kukaanga kwa darasa zima, na Mama alivaa mkanda wa njano hadi kanisani, juu ya gauni.

Jumamosi ya baada ya hapo nilinunua sare mpya, nikaingia darasa la wakubwa. Natogoma alikuwepo. Alipiga saluti kwa kuinama chini kabisa, kama mbele ya mwalimu, halafu Mwalimu Gnahoré akatupanga sisi wawili, raundi mbili za dakika mbili, na heshima ikaishia hapo. Alinipiga kifuani. Alinipiga mbavuni. Alinipiga kichwani kwa teke ambalo, naomba Mama asisikie, sijawahi kuona mfano wake. Raundi ya kwanza niliogopa goti tangu mwanzo hadi mwisho, nikalilinda kama mfuko wenye mayai. Raundi ya pili sikupata nafasi ya kuliogopa, nilikuwa na mambo mengine ya kuogopa. Katikati yake nilimwona akiinua bega lake la kushoto kabla ya kupiga, kama alivyokuwa akifanya tangu utoto, nikaruka bila kufikiri, na mguu wangu wa kulia ukagonga pedi ya kifua chake kwa sauti kubwa. Nikatua. Nikayumba. Nikasimama.

Matokeo yalikuwa kumi na nne kwa mbili.

Baadaye tulikaa kwenye bomba la nje, tukiosha miguu. Mbavu zangu ziliniuma kila nilipovuta pumzi na mdomo wa chini ulikuwa umevimba. Natogoma alinipa kopo la maji, akasita.

"Dada Amenan, naweza kukuuliza kitu?"

"Uliza."

"Goti lilipona lini hasa?"

Nilinawa uso kwanza. "Muda mrefu uliopita. Nilikuwa naogopa."

Akalifikiria jambo hilo, akikausha vidole vya miguu kimoja kimoja.

"Ah," akasema. "Sisi tulidhani umepata mchumba."

Nilicheka mpaka mbavu zikanikataza. Kisha nikamwambia bega lake la kushoto linamsaliti, na kwamba kama anataka, Jumatatu nikifunga saluni naweza kumwonyesha jinsi ya kulituliza. Akasema anataka, ila kwa sharti kwamba nije na kinga ya mdomo, kwa sababu hataki kulaumiwa na Mama Philomène.